Kengele Kumi za Onodera

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumapili tarehe 23 Novemba 2025, utosi wa Constant Kalala ulikuwa milimita kumi na tano juu ya sakafu ya chumba chake, ghorofa ya pili, Saint-Gilles, Brussels. Mkewe, Mwadi, alipima mara mbili kwa rula ya chuma. Aliandika namba kwenye daftari, akaandika na saa, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Constant alikuwa anaanguka tangu tarehe 14 Machi 2009. Jioni hiyo, katika ukumbi wa michezo huko Forest, alipigana mieleka na Genzo Onodera wa Osaka, aliyekuwa kwenye ziara ya Ulaya. Dakika ya kumi na moja Onodera alimkamata kiunoni, akampindua miguu juu kichwa chini, akambana kifuani, kisha akafungua mikono. Mshiko huo Onodera aliuita Kisima, na ndio uliompa umaarufu. Wapinzani wengine wote walioingizwa Kisimani walifika chini. Constant alibaki hewani, kichwa chini, sentimita mia moja na kumi juu ya jukwaa. Mwamuzi alingoja kidogo, akahesabu hadi kumi, akampa Onodera ushindi kwa kuwa mpinzani wake hakuwa katika hali ya kuendelea.

Mwandaaji wa pambano, Luc Delvigne, aliandika ripoti kabla watu hawajamaliza kutoka. Aliandika kwamba mpinzani hakugusa jukwaa, kwamba asiyegusa chini hajaanguka, na kwamba kwa hiyo hapakuwa na ajali. Hakuna sentensi iliyokuwa ya uongo. Baadaye alilifuta jina la Constant kwenye orodha ya wanamieleka, kwa sababu orodha ilikuwa ya watu waliomaliza mapambano yao, na la Constant lilikuwa halijaisha.

Hospitali ilimlaza siku tatu, ikiwa neno kumlaza lafaa. Madaktari walipiga picha za shingo. Mifupa ilikuwa mizima, ila ilikuwa imejikaza kama ya mtu anayekaribia kugonga kitu. Walisema hawana tiba ya jeraha ambalo bado halijatokea. Ofisi ya walemavu ilijibu kwa barua ya heshima kwamba ombi liletwe tena baada ya tukio.

Mwadi alimrudisha nyumbani. Haikuwa kazi ngumu: Constant alisogea kwa kusukumwa magoti, kama mlango, na umbali wake ulihesabiwa kutoka kwenye chochote kilichokuwa chini yake, iwe ngazi, zulia au lami. Nyumba za zamani za Saint-Gilles zina dari ndefu. Miguu yake ilifika juu karibu na taa, lakini ilienea.

Alishuka karibu sentimita sita na nusu kwa mwaka. Miaka ya mwanzo, Mwadi alikaa kwenye kiti na nyuso zao zikalingana, wake wima na wa mumewe kichwa chini, wakala mezani. Mwaka 2013 alikata miguu ya meza. Mwaka 2017 aliitoa meza, akaleta kigoda, na kigoda nacho kikatolewa. Tangu 2023 alilala ubavu, shavu kwenye mbao, ili amlishe bukari, ugali wa Katanga, kwa mkono na kumtazama machoni. Mchana alifanya kazi ya kulisha wazee katika nyumba ya wazee Ixelles. Huko walikaa kwenye viti.

Constant hakulalamika sana. Aliwatambua majirani kwa viatu. Mtu akiingia, alijua kwanza kama ana haraka, kisha kama ana kazi.

Jambo moja alilirudia kwa miaka yote hiyo, na alilisema kama fundi anayeeleza kazi yake. Katika mieleka kila mshiko una jibu lake. Anayeshikwa anaweza kuugeuza mshiko umrudie aliyemshika, ilimradi kichwa chake hakijagusa chini. Kikigusa, amechelewa. Kichwa chake hakikuwa kimegusa. Jibu lilikuwa bado lake. Kilichokosekana ni mikono ya Onodera kiunoni.

"Anishike tena mara moja tu," alisema. "Ile ingine iko kazi yangu."

Mwadi aliliweka neno hilo moyoni, na huko liligeuka kuwa gumu kuliko lilivyotoka kinywani mwa mumewe. Constant alitaka kugeuka. Mwadi alitaka Onodera aning'inie. Alitaka mtu mwingine, mke mwingine, anunue rula.

Ni yeye aliyegundua habari ya mwaka 2014. Alipopitia daftari, aliona kwamba kuanzia Februari hadi Julai mwaka huo Constant hakushuka hata milimita moja. Miezi hiyo sita Onodera alikuwa amepasuliwa goti na hakupigana. Aliporudi jukwaani, Constant alianza tena kushuka. Maana yake ilikuwa wazi: anguko lilikwenda maadamu aliyelianzisha ni mwanamieleka. Agosti 2025 Onodera, akiwa na miaka sitini na moja, alitangaza kwamba anastaafu, na kwamba kengele zake kumi zitapigwa Brussels. Kwa Wajapani, anayestaafu mieleka hupigiwa kengele kumi ukumbi ukiwa kimya, sawa na aliyekufa. Baada ya kengele ya kumi yeye si mwanamieleka tena.

Baada ya kengele ya kumi, basi, Constant angebaki milimita kumi na tano juu ya sakafu hadi mwisho wa maisha yake. Asingefika chini wala asingesimama. Wala pasingekuwa na mkono wa kujibu.

"Ngapi?" Constant aliuliza Mwadi aliporudi na chai.

"Quinze."

"Bon. Quinze millimètres, muntu anaweza kugeuka ndani yake."

Alimnywesha kwa mrija.

Saa tano kasoro Modeste aligonga mlango. Modeste alikuwa mwenyekiti wa Amis du Catch, Marafiki wa Mieleka, chama cha Wakongo kumi na wawili wa Saint-Gilles na Ixelles waliopenda mieleka. Alizaliwa Bukavu, na huko, katika chumba cha kuonyeshea video, alimwona Onodera kwa mara ya kwanza kwenye kanda iliyokuwa imechakaa kiasi kwamba Mjapani huyo alionekana wa kijani. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha magari cha Forest hadi kilipofungwa mapema mwaka huo. Alibeba sanduku la katoni lenye vibunda mia mbili vya utepe wa karatasi, rangi ya zambarau. Ilikuwa rangi ya chupi ya mieleka ya Onodera, na ilikuwa desturi ya mashabiki wake kumrushia utepe wa rangi hiyo jina lake likiitwa. Modeste na wenzake walikuwa wamekata na kukunja karatasi hizo kwa wiki tatu.

"Modeste," Constant alisema kutoka chini, "kiatu yako imefunguka soli. Usine balifunga, kiatu nayo ikafunguka."

"Tonton Constant, ungekuwa muntu wa kusimama, ningekupiga."

"Ngoja ngoja. Leo mangaribi utanipata."

Modeste alicheka, kisha akaacha. Alimgeukia Mwadi.

"Maman Mwadi, nakuomba. Batu banakuya kumushukuru muzee. Trente ans, miaka makumi tatu, tunamupenda. Tusigeuze fête kuwa matanga."

"Nani amesema matanga? Wapinzani bake ba zamani banapanda kumupa maua. Constant haiko mupinzani wake wa zamani?"

"Iko. Donc atamupa maua."

"Atamupa ile iko yake."

Modeste alimtazama muda mfupi, akainua sanduku lake. 

Walikwenda kwa tramu. Waliingia watu saba na Constant, aliyewekwa mahali pa viti vya magurudumu, mkono wa Modeste ukiwa gotini mwake ili asiteleze kwenye kona. Mkaguzi alikagua tiketi zote nane. Aliuliza kama bwana huyo ana kadi ya ulemavu.

"Bado," Mwadi alisema.

Mkaguzi alieleza kwamba, kama ni hivyo, akipanda mwenye kadi itabidi asogee. Constant alisema atasogea.

Ukumbi ulikuwa uleule, mwendo wa dakika chache kutoka kiwanda kilichofungwa. Saa saba na nusu mchana foleni ya mashabiki ilifika barabarani. Walikuwapo Wabelgiji wenye mvi, Wafaransa waliovaa barakoa za mieleka, na msichana wa Antwerp aliyejichora uso wa Onodera mgongoni mwa koti. Kila mmoja alipewa dakika moja mezani kwa saini na picha. Wengi walilia kabla ya dakika yao. Mwadi alimwacha Constant kwenye ujia pamoja na Modeste, akapanga foleni peke yake.

Onodera alikuwa mtu mpana mwenye masikio yaliyovimba na kukauka kama uyoga. Kifaransa alikijua kidogo, cha ziarani, na alikisema polepole bila kukosea. Mwadi aliweka mbele yake bango la tarehe 14 Machi 2009, lenye majina mawili. Onodera alilitazama kwa muda uliozidi dakika ya Mwadi. Hakuna aliyemhimiza.

"Bado hajafika?" aliuliza.

"Bado. Amebakiza milimita kumi na tano."

Onodera aliinamisha kichwa. "Ndiyo sababu nilichagua Brussels. Ni pambano pekee ambalo sikulimaliza."

"Ulifungua mikono," Mwadi alisema.

"Nilifungua. Asubuhi ile nilimuuliza Bwana Delvigne shingo ya mwenzangu ikoje. Huwa nauliza kabla ya Kisima. Akasema ni nzima, na kwamba mwenzangu mwenyewe ameuomba Kisima, na kwamba nifungue mikono mapema, watu wapate kuona vizuri." Aliandika jina lake kwenye bango, chini ya la Constant. "Nilidhani mnajua."

Mwadi alikuwa hajui. Alichojua ni hiki: asubuhi ile ya Machi yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Delvigne, na alimsikia Constant akisema kwamba shingo yake imekwama tangu Alhamisi, na kwamba Kisima kiondolewe. Delvigne alijibu kwamba atamwambia Mjapani. Kwa miaka kumi na sita Mwadi aliamini kwamba Mjapani aliambiwa.

"Atapanda jukwaani?" Onodera aliuliza.

"Atapanda."

"Nitamshika. Safari hii sitafungua."

Kutoka mezani hadi kwenye ujia ni hatua thelathini hivi. Katika hatua hizo Mwadi alilipima jambo hilo pande zote. Delvigne hakuwa mwanamieleka. Hakuwahi kumshika mtu, kwa hiyo hapakuwa na mshiko wake wa kujibiwa. Kinywa kilichosema hakikuwa na shingo ya kufikiwa, na mikono iliyotii ilikuwa na shingo. Kisasi chake alikuwa amekishona miaka kumi na sita kwa kipimo cha mtu mmoja, na leo hapakuwa na wakati wa kukifumua. Alijua pia kwamba Constant, akiambiwa, angekataa.

"Amesema nini?" Constant aliuliza.

"Amesema merci."

"Njo ile tu?"

"Na atakushika."

"Bien," Constant alisema.

Yalifanyika mapambano matatu ya utangulizi. Saa kumi kamili alasiri taa zilipunguzwa, na Delvigne akapanda jukwaani na kipaza sauti, shada la maua meupe mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo tangu 2009. Alisema maneno mazuri kuhusu uaminifu. Kisha akaliita jina la Genzo Onodera, na utepe wa zambarau ukaruka kutoka kila upande, mamia ya mistari kwa pamoja, ukaangukia kamba, mabega na jukwaa. Onodera alisimama katikati na kuinama mara nne, mara moja kwa kila upande. Karatasi zilimfika magotini. Huko Japani kuna vijana wa kuziondoa. Hapa vijana wa namna hiyo hawakuwapo.

Wapinzani wa zamani wanne walipanda kwa zamu. Mjerumani alimkumbatia. Mfaransa alimwinua begani na kumteremsha taratibu, kwa heshima. Wabelgiji wawili walimpa ua mojamoja. Delvigne alisoma majina manne na kukunja karatasi yake.

"Sasa kengele kumi," alisema. "Tafadhali, kimya kabisa."

Mpiga kengele alikuwa mzee wa Liège, fundi wa saa kwa kazi yake ya zamani. Onodera alimwelekeza mwenyewe: kila kengele ipigwe ndani ya kimya, la sivyo haihesabiki. Mzee huyo alikuwa ameandika maelekezo hayo kwenye kiganja. Kengele kumi zilipangiwa nusu dakika.

Alipiga ya kwanza. Hapo ndipo Amis du Catch walipoanza kuimba.

Hawakuwa na nia mbaya. Katanga na Kivu, mtu anayeondoka hasindikizwi kwa kimya. Kimya ni cha maiti isiyo na ndugu. Modeste alisimama kwenye kiti, akatoa sauti, na wenzake wakaitikia, wakipiga makofi na kurusha vibunda vilivyosalia:

"Muzee wetu anakwenda, eee,
nani atatubebea kilo yake?
Mubebe polepole, eee,
mubebe, asiguse chini."

Mpiga kengele alishusha nyundo, akangoja. Delvigne aliomba kimya. Waimbaji waliposikia kipaza sauti walidhani wanatiwa moyo, wakaongeza sauti. Watu wa safu za nyuma walianza kupiga makofi pamoja nao. Kati ya kengele ya kwanza na ya pili zilipita dakika nne na sekunde kumi. Kati ya kengele ya pili na ya tatu, dakika tano.

Baada ya kengele ya tatu Modeste aliinama kutoka kwenye kiti chake, akamwambia Mwadi sikioni, "Tukiimba, kengele inangoja."

"Nimeona."

"Alors, unataka muda gani?"

"Ile utanipa."

Modeste alitazama jukwaani, alikosimama mtu aliyempenda tangu chumba cha video cha Bukavu, karatasi zikimfunika mapaja. Alimtazama Constant, ambaye nyuso za watu wote kwake zilikuwa viatu. Alinyooka. "Endeleeni," aliwaambia wenzake. "Wimbo usikatike mupaka niseme."

Kengele ya nne ilipigwa waimbaji walipovuta pumzi. Mwadi na Amis wawili walimsukuma Constant hadi jukwaani, wakampitisha juu ya kamba. Watu walishangilia, wakimhesabu mpinzani wa tano. Mtu mmoja alieleza jirani yake kwamba catch ya Kongo iko hivyo, kila mtu anaingia na mtindo wake.

Delvigne alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Madame, huyu hayumo kwenye orodha."

"Ni wewe uliyemfuta," Mwadi alisema.

"Sherehe ina utaratibu wake."

Onodera aliinua mkono mmoja. Delvigne alirudi nyuma hatua mbili hadi kwenye kona, akiwa bado ameshika maua.

Constant alikuwa juu ya lundo la utepe, na kwa kuwa umbali wake ulihesabiwa kutoka kwenye karatasi, alikuwa amepanda kwa kimo cha mtoto wa mwaka mmoja. Mwadi alipiga magoti na kuzikumbatia karatasi hizo kwa mikono yote miwili, akazitupa nje ya kamba, mara tatu, mara nne, hadi turubai ikaonekana. Constant naye alishuka hadi milimita zake kumi na tano. Mwadi alipangusa turubai kwa kiganja. Kisha akashuka jukwaani. Kengele ya tano ilipigwa, na ya sita ikaifuata karibu, kwa sababu Modeste alikuwa anakohoa.

"Bonjour," Onodera alisema.

"Bonjour, muzee," Constant alisema. "Umenona miguu."

Onodera aliinama, akamkamata kiunoni kwa mikono miwili, vidole vikakutana mgongoni. Ulikuwa mshiko uleule, palepale ulipoachiwa. Constant alimzungushia Onodera mikono kiunoni vilevile. Kwa muda walikaa hivyo, mmoja wima na mmoja kichwa chini, na waimbaji waliwaimbia wote wawili.

Walipovuta pumzi, kengele ya saba ilipigwa.

Constant alikunja magoti na kurusha miguu. Ilipita hewani nusu duara, viatu vyake vikagusa turubai, na kwa kuwa Onodera hakuwa amefungua mikono, uzito wa Constant ulipokwenda chini Onodera alikwenda juu. Ni jibu la kawaida la Kisima, na linafundishwa mwaka wa pili. Sasa Constant alikuwa amesimama kwa miguu yake, na Onodera alikuwa kifuani kwake, kichwa chini. Mashabiki waliojua kazi walipiga makofi kwa usafi wa mgeuko.

Makofi na wimbo vilipotulia kidogo, kengele ya nane ilipigwa. Constant alifungua mikono.

Onodera alibaki hewani. Utosi wake ulikuwa sentimita mia moja na kumi juu ya jukwaa. Utepe mmoja wa zambarau ulining'inia kutoka kwenye kifundo chake cha mguu hadi sikioni. Watu walisimama wote kwa heshima, na walioleta vibunda zaidi wakavirusha.

Mwadi alikuwa ameshika kamba ya chini. Alimtazama Onodera, akangoja kitu fulani kishuke ndani yake. Kisha alimtazama Delvigne. Delvigne alikuwa anaangalia saa.

Waimbaji walivuta pumzi tena, na kengele ya tisa ikapigwa. Modeste aliteremka kwenye kiti chake na kunyamaza, na wenzake wakanyamaza. Hapakuwa tena na sauti ukumbini. Mzee wa Liège aliinua nyundo na kupiga ya kumi, na mlio wake ulikwisha wenyewe, bila kukatwa na mtu. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na nane. Genzo Onodera alikuwa amestaafu.

Constant alishika kamba kwa sababu kichwa kilikuwa kinamzunguka. Mwadi alipanda jukwaani. Uso wa mumewe aliuona ukiwa wima kwa mara ya kwanza tangu 2009.

"Umezeeka," Constant alisema.

"Na weye. Sema ulificha mvi na mazulia."

Constant alicheka. Onodera alimwita kwa jina. Constant alichuchumaa, ili macho yao yalingane.

"Shingo yako ilikuwaje siku ile?" Onodera aliuliza.

"Ilikuwa imekwama. Nilimwambia Delvigne auondoe mshiko."

"Aliniambia ni nzima, na kwamba umeomba."

 Constant alimgeukia mkewe, bila kuinuka.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu leo muchana, treize heures trente. Kwenye meza."

"Juu ya nini haukunielezea?"

"Ungemuachilia."

"Ningemuachilia," Constant alisema.

Alisimama, akamkamata Onodera kiunoni, akajaribu kumgeuza. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu Modeste akisaidia upande wa miguu. Onodera alizunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, lakini hakupinduka. Jibu hutolewa na mwanamieleka, na Onodera hakuwa mwanamieleka tena. Wala hakushuka. Anguko huenda maadamu aliyelianzisha yumo kazini, na aliyelianzisha hili, Constant mwenyewe, hakuwamo kwenye orodha yoyote tangu 2009. Mwadi alielewa hesabu hiyo kabla ya mumewe, naye hakuisema.

"Acha," Onodera alisema. "Panaonekana vizuri kutoka hapa."

Mashabiki walipanga foleni ya pili. Walipanda jukwaani mmojammoja, wakainama mbele yake, wakasema asante kwa Kifaransa, kwa Kiholanzi, kwa Kiswahili, na kwa Kijapani walichojifunza kwenye simu wakiwa foleni. Onodera alipokea mikono yao kwa mikono yote miwili. Msichana wa Antwerp alivua koti lake, akalitandika chini ya kichwa chake, mchoro ukitazama juu. Modeste alikuwa wa mwisho. Alitaka kusema jambo kuhusu kanda ya video, akashindwa, akabaki ameshika vidole vya mzee huyo hadi walinzi walipoanza kukunja viti.

Delvigne alikuwa kwenye meza ya mpiga kengele, akijaza ripoti. Mwadi alikwenda na kusimama mbele yake. Constant alikuja nyuma yake, akitembea kwa kuegemea viti.

"Andika mambo mawili," Mwadi alisema kwa Kifaransa. "Andika kwamba mume wangu aliangushwa hapa tarehe 14 Machi 2009. Andika kwamba asubuhi yake alikuambia kuhusu shingo yake, nawe hukumwambia mwenzake. Mimi nilikuwa mlangoni. Onodera yuko pale, muulize."

Delvigne aliweka kalamu chini. Alimtazama Constant kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka na bila uadui.

"Madame," alisema, "bwana huyu amesimama."

"Amesimama leo."

"Mtu aliyeanguka huonekana. Nikiandika kwamba huyu aliangushwa, watakuja kumtazama, na watamkuta hivi." Aliishika kalamu tena. "Kuhusu Bwana Onodera, ni mtu huru. Amestaafu, hayuko tena chini ya mkataba wangu, na amechagua kubaki."

"Na ile asubuhi?" Constant aliuliza.

"Ni miaka mingi, Constant. Shingo yako ikoje sasa?"

Constant aliigeuza kulia, akaigeuza kushoto. Haikukwama popote. 

Delvigne aliandika kwamba sherehe ilianza saa kumi kamili, kwamba kengele kumi zilipigwa, kwamba ilichelewa kwa sababu ya nyimbo, na kwamba hakuna mtu aliyeumia. Alitia saini, akatenga nakala moja kwa ajili ya manispaa. Alivaa koti. Aliona kwamba shada la maua meupe bado liko mezani, akalichukua. Saa kumi na moja na dakika arobaini alitoka kwa mlango wa pembeni.